Simu ya Kioo Kikubwa Si Bugaluu

Ukikaa barazani jioni, au ukisubiri zamu yako kwa fundi simu, hukosi kuisikia: hivi vioo vikubwa ni fasheni, vitapita. Anayesema huwa ni mtu mzima, mara nyingi msomi, na ushahidi wake ni suruali za bugaluu. Miaka ya 1970 zilipanuka miguuni msimu hadi msimu mpaka zikawa zinafagia barabara, kisha zikageuka kichekesho, zikatoweka. Kwake yeye simu nazo zimo njia hiyo hiyo. Zilianza zikiwa kubwa, zikapungua mpaka zikafichika kiganjani, sasa zimepanuka tena, zisubiriwe, zitapungua. Na hamalizi bila kuongeza kwamba hakuna aliyeomba vioo hivi: makampuni yametuletea, nasi tumevipokea kwa mashauzi.

Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na kwa muda mrefu imeachwa ipite kwa sababu inaonekana haina madhara. Madhara inayo. Mtu anayeamini kwamba jambo ni la kupita halipangii chochote, na katika nchi zetu wapo wenye dhamana wanaopanga mambo ya umma kana kwamba simu hizi zitaondoka kesho na kila mwananchi atakaa mbele ya kompyuta. Nitalifikia hilo. Kwanza hoja yenyewe.

Hili la kuletewa historia inalikataa waziwazi. iPhone ya kwanza, ya 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na Apple ikakishikilia kipimo hicho kwa miaka mitano. Julai 2010, Steve Jobs akizungumza na waandishi wa habari alizibeza simu kubwa za washindani wake: mkono hauwezi kuzizunguka, alisema, na hakuna atakayezinunua. Mwaka huo huo Dell walitoa simu ya inchi 5, Streak, nayo haikufika mbali. Septemba 2011 Samsung wakaonyesha Galaxy Note mjini Berlin, inchi 5.3 pamoja na kalamu yake, na wahakiki wengi wakaicheka; walisema mtu akiiweka sikioni anaonekana wa ajabu. Haukupita mwaka Samsung wakatangaza kwamba wamekwisha kusafirisha Note milioni 10. Hata hapo Apple hawakukubali. iPhone 5 ya 2012 ilirefushwa hadi inchi 4 lakini upana ukabaki ule ule, na tangazo la biashara likatengenezwa kueleza kwamba simu lazima ifikiwe yote na kidole gumba kimoja.

Septemba 2014 walisalimu amri. iPhone 6 ilitoka na inchi 4.7, 6 Plus inchi 5.5, na katika siku tatu za kwanza zikauzwa zaidi ya milioni 10. Katika robo mwaka iliyoishia Desemba, Apple waliuza iPhone milioni 74.5 na kupata faida ya dola bilioni 18, faida ambayo hakuna kampuni ya hisa za umma iliyokuwa imewahi kuitangaza kwa robo mwaka moja.

Sasa hapo aliyelazimishwa ni nani? Kampuni yenye ushawishi kuliko zote katika biashara ile ilivipinga vioo vikubwa kwa maneno, kwa matangazo na kwa bidhaa zenyewe, na wanunuzi wakaipita wakaenda kwa jirani mpaka nayo ikafuata. Fasheni huanzia juu, kwa mbunifu mwenye jina, ikashuka kwa watu. Hili lilianzia kwa watu likapanda.

Habari ya simu kuwahi kupungua ni kweli, ila ichunguzwe zilipungua kwa nini. Motorola DynaTAC ya 1983 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800. StarTAC ya 1996, ya kampuni hiyo hiyo, gramu 88. Kilichopungua ni betri na saketi, kwa sababu mafundi walijifunza kuzitengeneza ndogo zaidi. Kioo hakikuwa na sehemu katika habari hiyo, kwani kilikuwa dirisha la mistari michache ya kuonyesha namba. Nokia 1100 ya 2003, ile yenye tochi, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani na huku kwetu ikazaa jina la kitochi, ilikuwa chombo bora kabisa kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa ya sikio. Sikio halidai nafasi. Jicho linadai. Tangu simu ilipoanza kusomwa na kutazamwa zaidi ya kusikilizwa, ile sababu ya kuipunguza ilikufa, na wanaosubiri irudi hawajatuambia itatoka wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wangu hawalitazami, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Wao huhesabu inchi: 3.5, 5.5, 6.9, kisha wanauliza tutaishia wapi, kwenye sinia? Lakini inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na mshazari huongezeka kwa kurefusha peke yake. Chukua rula upime upana, yaani kile ambacho mkono unakizunguka. Ile Galaxy Note ya 2011 ilikuwa na upana wa milimita 83. iPhone 6 Plus ya 2014 ilikuwa milimita 77.8. iPhone 16 Pro Max ya 2024, yenye kioo cha inchi 6.9, ni milimita 77.6. Miaka kumi imepita, kioo kimeongezeka inchi moja na nusu karibu, na upana haukuongezeka hata kidogo. Umepungua kwa unywele. Urefu nao umetoka milimita 158 ukafika 163 tu. Nafasi mpya ya kioo ilipatikana kwa kuondoa kitufe cha chini na zile kingo nene za juu na pembeni.

Hali ni hiyo hiyo kwa simu za bei ya chini. Tecno, Infinix au itel ya inchi 6.5 inayouzwa leo mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ina kioo chenye upana wa karibu sentimita 6.8. Kioo cha Note ile iliyochekwa kilikuwa na zaidi ya sentimita 7. Kwa hiyo simu inayoitwa kubwa kupita kiasi leo ni nyembamba kuliko ile iliyolianzisha jambo lenyewe. Bugaluu hazikufanya hivyo. Bugaluu zilipanuka bila kikomo kwa sababu hakuna kazi iliyokuwa inazielekeza ziishie wapi, na kitu kisicho na kikomo ndicho huporomoka. Simu ilisukumwa na jicho upande mmoja na kiganja upande wa pili, ikapata mahali pa kusimama karibu 2014, na tangu hapo imesimama. Haya ni makazi, na watu wanayaita msafara.

Wengine hujibu kwamba wanunuzi hawana hiari, simu ndogo hazitengenezwi. Zilitengenezwa. Apple walitoa iPhone 12 mini mwaka 2020, inchi 5.4, wakafuatisha 13 mini mwaka 2021. Wahakiki walizisifu sana. Mwaka 2022 nafasi ya mini ikachukuliwa na 14 Plus ya inchi 6.7. Asus walijaribu na Zenfone 9 na Zenfone 10, za inchi 5.9, mwaka 2024 Zenfone iliyofuata ikawa ya inchi 6.78. Sony walikuwa na simu zao za Compact, wakaziacha. Wapenzi wa simu ndogo wapo na mapenzi yao ni ya kweli, lakini hawakutosha kukiendesha kiwanda.

Na hapo betri isisahauliwe. 12 mini ilikuwa na betri ya mAh 2,227. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki zina mAh 5,000, na mtu anayeishi mahali ambapo umeme unakatika, au anayelipia kuchaji dukani, anajua maana ya tofauti hiyo. Kioo kidogo kinakula umeme kidogo, sawa. Ila kile kisehemu kinachotafuta mtandao hakijui ukubwa wa kioo. Ukiwa kijijini ambako mnara uko mbali, kinahangaika vile vile na betri inakwisha vile vile. Simu pana ina tumbo la kubebea betri.

Lakini sababu kubwa haiko kwenye viwanda vya Korea wala California. Iko hapa. Kwa mtu wa Ulaya au Marekani simu kubwa ni kifaa cha tatu, baada ya kompyuta ya kazini na kishikwambi cha nyumbani. Yeye anaweza kusema kioo kidogo kinamtosha kwa sababu kikubwa kinamsubiri mezani. Kwa watu wengi wa Dar es Salaam, Kisumu, Bujumbura au Goma hakuna kingine kinachosubiri. Simu ndiyo kompyuta, ndiyo televisheni, ndiyo kitabu cha mapato na matumizi. Kumwambia mtu huyo kwamba anajishaua ni kutomwangalia anachofanya.

Mwangalie muuza vitenge wa Kariakoo asubuhi. Mzigo umefunguliwa, anatandika kila doti juu ya meza, anapiga picha, anarusha kwenye makundi ya WhatsApp. Mteja wake yuko Mwanza, mwingine yuko Lubumbashi na hajakanyaga Dar tangu mwaka jana. Mteja hataki kuona maua tu. Anaivuta picha kwa vidole viwili mpaka afike kwenye pindo, palipochapwa jina la kiwanda, asome herufi moja moja ajue kama ni kitenge chenyewe au cha kuiga. Akisharidhika anatuma pesa, na muuzaji anasoma ujumbe wa muamala huku ile picha ya kitenge na majadiliano ya bei bado vimo mbele yake. Biashara nzima imepita juu ya kioo. Mpe huyo mteja wa Lubumbashi kioo cha inchi 3.5 uone kama atatuma pesa.

Au mchukue mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye mitihani ya miaka iliyopita katika faili la PDF. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, na maandishi yake kwa kawaida ni ya pointi 12. Ukiulaza ukurasa huo kwenye kioo cha iPhone ya kwanza, hata ukikigeuza kwa ubavu, unapata sentimita 7.4, na herufi zinashuka hadi pointi 4. Hakuna asomaye hivyo kwa saa nzima. Kwenye kioo cha inchi 6.5 kilichogeuzwa kwa ubavu unapata sentimita 15, na herufi zinabaki na pointi 8 na nusu, kadiri ya maandishi ya gazeti. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua kama simu inaweza kusomewa au haiwezi. Mzazi aliyejinyima akanunua simu ya kioo kikubwa kwa malipo ya kidogo kidogo hakununua fasheni. Amemnunulia mtoto ukurasa unaosomeka.

Na wazee. Ukipita miaka 40 lenzi ya jicho huanza kukakamaa, karatasi ikabidi isogezwe mbali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilikadiria kwamba watu milioni 826 wanaishi na tatizo hilo la kuona karibu bila kupata hata miwani. Wengi wa watu hao ni wa nchi kama zetu. Kwenye simu ndogo, mzee akikuza maandishi anabaki na maneno mawili matatu kwa mstari, ujumbe unakatika vipande, kufika mwisho mwanzo umekwisha kupotea. Kwenye kioo kipana maandishi hukuzwa na ujumbe bado ukaonekana wote: kiasi kilichotumwa, jina la aliyetuma, salio. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, pesa za mkulima na za mstaafu zimehamia ndani ya ujumbe wa namna hiyo. Mzee asiyeweza kuusoma humpa mjukuu simu amsomee, na mara nyingi humpa na namba ya siri. Sote tunajua familia ambamo jambo hilo limezaa msiba wa pesa na wa kuaminiana. Bibi anayejisomea mwenyewe salio lake, bila kumwita mtu, amepata faragha ambayo kitochi hakikumpa. Mimi hili ndilo linalonikera zaidi katika maneno ya mashauzi: yanamcheka mtu kwa kitu kilichomrudishia heshima.

Hoja moja nzuri ya upande wa pili sipaswi kuikwepa, nayo ni ya mkono. Mwaka 2013 msomi wa Kituruki Zeynep Tufekci alieleza jinsi alivyoshindwa kupiga picha vizuri kwa mkono mmoja katikati ya mabomu ya machozi wakati wa maandamano ya Gezi mjini Istanbul, kwa kuwa simu ilipimwa kwa kiganja cha mwanamume. Caroline Criado Perez akalirudia jambo hilo katika kitabu chake cha 2019 kuhusu vitu vinavyoundwa kana kwamba wanawake hawapo. Wana haki. Mama aliyebeba mtoto mkono mmoja huku anatafuta namba ya bodaboda kwa mkono wa pili anasumbuka, na kusumbuka huko hakupaswi kufanyiwa mzaha.

Lakini malalamiko hayo yanasema simu iundwe vizuri zaidi. Hayasemi kioo kitapita. Na tazama yalivyojibiwa. Mwaka 2014, pamoja na 6 Plus, Apple waliweka njia ya kuishusha sehemu ya juu ya kioo ifikiwe na gumba. Mwishoni mwa 2018 Samsung walitangaza mfumo uliohamishia vitu vya kubonyeza nusu ya chini na kuiacha nusu ya juu iwe ya kutazama. Mwaka 2021 sehemu ya kuandika anwani ya tovuti kwenye iPhone, iliyokaa juu tangu mwanzo, ikahamishiwa chini. Hakuna anayebomoa na kujenga upya nyumba ya kukaa msimu mmoja. Hata simu zilizotafuta wepesi mwaka 2025, Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8 na iPhone Air yenye 5.6, zilipunguza unene zikaacha vioo vya inchi 6.7 na 6.5. Kilichokatwa ni vingine vyote.

Zile zinazokunjwa huletwa kama ushahidi kwamba udogo unarudi. Zifunue. Galaxy Z Flip ya 2020 ikifunuliwa ni inchi 6.7, Phantom V Flip ya Tecno, ya 2023, ni inchi 6.9; Mate XT ya Huawei, inayokunjwa mara mbili, ikifunuliwa yote inafika inchi 10.2. Wahandisi wamehangaika miaka na bawaba na vioo vinavyopinda ili mfuko upungue na kioo kisipungue.

Na wale wanaosema kioo chenyewe kitatoweka, tutaongea na mashine tu, nao wamekwisha kupata jibu la kwanza. AI Pin ya kampuni ya Humane, kifaa cha kubandikwa kifuani kisicho na kioo, kiliingia sokoni Aprili 2024. Februari 2025 mali za kampuni zikauzwa kwa HP na vifaa vikazimwa. Sauti itakuwa na nafasi yake, nami naifurahia kwa wasiojua kusoma. Lakini huwezi kuuliza kwa sauti ndani ya daladala kama mshahara umeingia, wala huwezi kusikiliza ramani au pindo la kitenge.

Basi nirudi kwa wenye dhamana. Kwa sababu kioo kikubwa kimechukuliwa kama kitu cha kupita, ofisi zetu zinaendelea kutoa matangazo kwa kuskani karatasi ya A4 yenye mhuri, iliyolala upande. Mifumo ya maombi ya mikopo, ya ajira na ya vyuo bado mara nyingi inachorwa na mtu mwenye kompyuta kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta. Jedwali lina safuwima nane, kitufe cha kutuma kiko pembeni kabisa kulia ambako kwenye simu hakionekani mpaka uvute. Kijana anahangaika usiku ambapo bando ni rahisi, anashindwa, kesho anakwenda steshenari kumlipa mtu amjazie, akimwachia na nywila yake. Anaambiwa hajui teknolojia. Yeye anaijua, mfumo ndio uliochorwa kwa kifaa ambacho hana.

Upana tunaujua na umetulia kwa miaka kumi: sentimita 6.8, simu ikiwa wima. Fomu ya serikali ichorwe humo kwanza, kompyuta ije baadaye. Tangazo liandikwe kama maandishi yanayoweza kukuzwa, lisiwe picha ya karatasi. Kila swali likae chini ya lililotangulia, aliyekatikiwa na mtandao akute alichojaza bado kipo, na kitufe cha kutuma kiwekwe chini katikati, pale gumba linapofika.